Kipupwe, kobe na mtoto anayetambaa (Sehemu ya 6)

 

Leo ni zamu ya kobe. Usicheke. Juzi kliniki mama mmoja aliniambia kobe wao amejikunyata kwenye kona tangu baridi ianze, hali, hatembei, basi watoto wanamwonea huruma na kumlaza ndani, karibu na godoro la mdogo wao. Akaniuliza: "Nesi, si kobe hulala msimu mzima wa baridi?"

Hapana, mama. Wanaolala miezi kadhaa ni wale wa nchi zenye baridi kali, kama Ulaya. Kobe wetu mwenye gamba la madoadoa halali hivyo. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha, anategemea jua. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa ziwa ukipuliza asubuhi, anapoa, anakuwa mzito, hata chakula tumboni hakisagiki vizuri. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza ni jua, siyo chumba chako.

Mtengenezee banda uani, upande unaopigwa na jua la asubuhi, penye kivuli pa kukimbilia mchana. Usiku alale kwenye boksi la mbao lenye nyasi kavu, asilale kwenye saruji tupu. Mpe nyasi na majani mabichi, siyo ugali wala dagaa. Maji yawe kwenye sahani pana isiyo na kina. Muache atembee. Na jamani, msimtoboe gamba ili mumfunge kamba! Gamba ni mfupa ulio hai, anaumia. Ukiona mapovu puani, macho yamevimba au anahema mdomo wazi, mwite daktari wa mifugo.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niandike. Kobe anaweza kuwa mzima kabisa, na bado akabeba bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na juu ya gamba. Anatembea sakafuni, mtoto anatambaa palepale, kidole kinaingia mdomoni. Marekani walikuta watoto wengi wanaugua hivyo, na mwaka 1975 wakapiga marufuku kuuza kobe wadogo, wa chini ya sentimita 10 hivi, maana ndio watoto wanaowatia mdomoni.

Kwa hiyo kobe asiingie jikoni wala chumba cha kulala. Asiogeshwe kwenye beseni la mtoto, wala asioshewe panapooshwa vyombo. Akishikwa, mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka, siyo kufuta kwenye kanga. Wenye watoto chini ya miaka mitano, heri wamtazame tu kwa macho.

Mtoto akianza kuharisha, endelea kumnyonyesha na mpe ORS. Ukiona homa kali, damu kwenye choo, macho yameingia ndani, amelegea au hataki kunyonya, usisubiri kesho, mlete hospitali. Na umwambie nesi kwamba nyumbani kuna kobe. Wengi hamsemi, na sisi hatukumbuki kuuliza.

La mwisho: kobe wa porini ni mnyamapori, kumfuga kunahitaji kibali. Ulizia ofisi ya maliasili kabla watoto hawajamleta mwingine kutoka kwenye mawe huko mlimani.