Mkongo, Watoto na Dada wa Nyumbani

Nilipoanza kazi ya mitandao ya kompyuta jijini Dar es Salaam, mwaka 2003, seva zilihudumiwa usiku. Mchana wateja wako kwenye foleni, mfumo hauzimwi. Kubadilisha swichi au kuweka programu mpya kulisubiri hadi saa nne usiku. Wenzangu wanaume waliagiza chipsi mayai wakakesha. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga Tabata, na maziwa yalinijaa kifuani ndani ya kile chumba chenye baridi ya kiyoyozi.

Hawakunitenga. Mkuu wetu alikuwa mtu mwema. "Mama Neema, wewe nenda nyumbani, sisi tutamalizia," alizoea kuniambia. Wema ule ndio ulioniweka chini. Aliyekesha ndiye aliyeujua mfumo, na aliyeujua mfumo ndiye aliyepandishwa cheo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuja na siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa mapacha, pamoja na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Saa mbili! Posta hadi Tabata kwa daladala, kwa foleni ile, zinaishia njiani hujamshika mtoto. Baba naye alipewa siku tatu. Kitovu cha mtoto hakijadondoka, yeye ameshasaini daftari la mahudhurio.

Kilichonigeuzia maisha hakikutoka bungeni, kilitoka baharini. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, uliwashwa. Kabla yake tulitegemea setilaiti: ghali, nzito, na mvua kubwa ikinyesha mawasiliano yanayumba. Bei ziliposhuka, taratibu sana, nikaweza kuingia kwenye swichi ya tawi la mkoani nikiwa sebuleni kwangu, mtoto wa pili amelala mgongoni ndani ya khanga. Sasa na mimi nilikesha. Haikupita miaka mingi nikakabidhiwa kitengo. Ofisi nayo ikahamia jikoni kwangu, na haijatoka mpaka leo, lakini hilo nililikubali.

Siku hizi wasichana hawasubiri kubahatisha njia kama sisi. Apps and Girls, iliyoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima mwaka 2013, inawafundisha kuandika programu wakiwa bado shuleni. Ninapoalikwa kuzungumza na mabinti wa namna hiyo, swali halikosekani: "Mama, unawezaje yote hayo?"

Siwezi. Anayeweza ni dada wa nyumbani, aliyekuja kutoka Singida akiwa binti mdogo na kuwalea wanangu huku wa kwake akilelewa na bibi kijijini. Nimekaa kwenye mabaraza mengi ya wanawake wa teknolojia, nikasikia juu ya nidhamu, ratiba na waume wenye kuelewa. Dada hatajwi. Tunasifiwa uongozi, naye halipwi hata kiasi tunachotumia kwa vocha na mafuta ya gari.

Sheria ile ya 2004 inamhusu na yeye. Siku 84 ni zake pia, na mkataba, na likizo ya mwaka. Kama wewe ni kiongozi wa kitengo na dada yako hana mkataba, mwandikie mwezi huu.