Dereva, konda na hesabu ya vichwa

Najua nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa, na wengine mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu. La, sijaacha. Jioni zangu zimemezwa na kikundi cha kutembea cha mtaani kwetu, kwa hiyo leo naandika juu ya kikundi hicho badala ya Python. Msikimbie lakini, kompyuta itaingia tu mbele ya safari.

Kikundi chenyewe ni rahisi kueleza. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunakutana karibu na steji, tunatembea kilomita sita hivi, kisha kila mtu anakwenda zake. Tulianza mwaka 2022 tukiwa watu watano. Siku hizi tunafika thelathini, na kukiwa na jua hata arobaini. Hakuna ada, hakuna mwenyekiti, hakuna anayelipwa hata nauli. Wengi wametumwa na daktari: presha, sukari, magoti. Wengine nadhani wamekuja kwa sababu ya upweke, ingawa hilo hakuna atakayekuambia. Na mara moja kwa mwezi tunapanda matatu hadi msitu wa Karura.

Jambo la kwanza nililoulizwa ni lile mnalolijua. "Wewe si mtu wa kompyuta? Tutengenezee programu ya simu basi!" Ihesabu hatua, ichore njia, itoe washindi wa mwezi. Nilikataa, na bado nakataa. Karibu robo ya watu wetu wanatumia mulika mwizi, na ndio hasa ambao daktari amewatuma. Kuhusu mashindano, mtu wa miaka 70 akishajiona wa mwisho kwenye orodha, wiki inayofuata humwoni. Hata zile hatua 10,000 ambazo kila simu inakuhimiza ufikishe hazikutoka maabara. Zilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, manpo-kei, jina lenye maana ya kipima hatua elfu kumi. Jina la biashara limegeuka kuwa amri ya afya duniani kote!

Kilichonivutia mimi kama mtu wa kompyuta ni hesabu nyingine kabisa. Chukua watu wenye kasi, wanaotembea kilomita 6 kwa saa. Mchukue shosho mwenye goti bovu, anayetembea kilomita 4 kwa saa. Baada ya nusu saa wa mbele wako kilomita 3, yeye yuko kilomita 2. Kilomita nzima iko kati yao. Wa mbele wanasema, sisi ni watu wazuri, tutasubiri. Wanakaa kwenye nyasi robo saa nzima, wanakunywa maji, wanapiga picha. Shosho anatokea, pumzi juu juu. Na mara tu anapofika wote wanasimama, wanapangusa suruali, "haya, twende!" Aliyechoka kuliko wote ndiye pekee ambaye hakupumzika. Na ukimwuliza atakwambia yuko sawa, maana hataki kuonekana mzigo.

Kwa hiyo tuna kanuni moja ya muda: mapumziko yanaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishakaa chini. Tuna vyeo viwili pia, navyo hatukuviazima mbali. Anayetangulia ni dereva. Anayekuwa wa mwisho ni konda. Kama kwenye matatu, dereva haondoki mpaka konda apige bodi. Wale wa parkrun, waliopata kuanza na wakimbiaji 13 tu katika bustani ya Bushy Park, London, mwaka 2004, nao huweka mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kumaliza nyuma ya wote. Sisi tumemwongezea wetu daftari na kalamu.

Daftari hilo mtaani ni kama mapambo. Mtu akiachwa karibu na Roysambu atapanda boda aende nyumbani. Karura ni kitu kingine. Ni zaidi ya hekta 1,000 za miti katikati ya jiji, na kama si Wangari Maathai na wenzake, waliopigwa pale mwezi Januari 1999 wakitetea ardhi hiyo isigawiwe wajenzi, leo tungekuwa tunatembea katikati ya kuta za mawe. Penye njia panda kuna vibao vyenye nambari, jambo zuri sana kwa mtu aliyesoma grafu chuoni: kila kibao ni kifundo, kila njia ni mshale. Tunahesabu vichwa kwenye kila kibao tunachosimama.

Julai 2024 tulitoka langoni tukiwa 34. Ukungu ulikuwa umeshuka, unajua Julai ya Nairobi. Dereva nilikuwa mimi. Konda alikuwa msichana wa chuo, mwaka wa pili, mdogo kuliko wote pale. Kibao cha kwanza 34, cha pili 34. Cha tatu, 33. Akahesabu tena. 33.

Maneno yakaanza. Labda tulihesabu vibaya langoni. Labda kuna mtu amerudi nyumbani kimya kimya. Bwana mmoja alisema ana mkutano saa nne na msitu huu haujawahi kumla mtu. Walikuwa watu wazima, baadhi yao wangeweza kuwa wazazi wake. Msichana akasema, bila kupaza sauti, "Hatuondoki." Akafungua daftari, akaanza kuita majina, moja baada ya jingine, na kungoja jibu. Ilichukua dakika mbili hivi. Jina lililokosa jibu lilikuwa la mwalimu mstaafu tunayemwita Mwalimu tu.

Mngeuliza, atapoteaje mtu ikiwa konda ndiye wa mwisho? Mwalimu alikuwa amechepuka kichakani kwa haja ndogo bila kumwambia mtu. Konda akapita, hakumwona. Mwalimu alipotoka, yeye ndiye akawa wa mwisho, na hakuna aliyejua. Simu yake iliita tu, ilikuwa ndani kabisa ya mkoba.

Walirudi watatu: yule msichana, kijana mmoja, na mwanachama mwenzetu ambaye ni muuguzi. Walimkuta mita mia nne hivi nyuma, ameketi kwenye mizizi ya mti, shati limelowa jasho kwenye baridi ile, mikono inatetemeka, anajibu maswali kama mlevi. Mwalimu hajawahi kuonja pombe. Alikuwa amejidunga insulini alfajiri, kisha akatoka bila kula ili asichelewe. Sukari ilikuwa imeshuka. Muuguzi alihakikisha kwanza kwamba anaweza kumeza, akampa soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, wakasubiri dakika 15, akampa tena. Askari wa msitu walisaidia kumfikisha langoni, na kutoka hapo akapelekwa hospitali. Bwana wa mkutano wa saa nne ndiye aliyemwendesha hadi huko, na mkutano akaukosa.

Wanaoshughulika na seva wanaujua mpango huu. Kila mashine hutuma ujumbe mfupi kila baada ya sekunde chache kusema ipo hai. Ujumbe ukikosekana, kengele inalia. Husubiri mashine iseme inaumwa, kwa sababu iliyoumwa sana haisemi. Ila seva hazikununi ukizichelewesha mkutano... Yule msichana alinuniwa na watu ishirini na zaidi, naye akaendelea kuita majina.

Tangu siku hiyo tunatembea wawili wawili, na ukitaka kuchepuka unamwambia mwenzako. Konda hubeba glukosi na soda. Na ndipo nikaandika msimbo pekee niliouandika kwa ajili ya kikundi: skripti ya mistari arobaini hivi, inayotuma SMS Ijumaa jioni kwa dereva na konda wa kesho, na kumwita wa akiba kama konda hajajibu "NDIYO" kufikia saa tatu usiku. Mulika mwizi inapokea SMS vizuri kabisa. Nywila wanayo watu wengine wawili, kwa maana mimi nami nina bosi, naye ananihamisha hamisha.

Tatizo lililobaki ni kwamba udereva una foleni na ukonda hauna. Dereva anaonekana, picha zote yuko yeye. Konda anatembea polepole, anasikiliza habari za magoti, anafika wakati chai imekwisha. Tumeamua huwezi kuwa dereva kabla hujawa konda mara mbili. Wengine hawakupenda.

Aa, na kulikuwa na kampuni iliyotaka kutupa fulana kwa badala ya daftari letu, yaani majina, nambari za simu na nani ana ugonjwa gani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo jibu lingekuwa lile lile. Kuna wanachama ambao bado wananiuliza habari za fulana.

Mwalimu alirudi baada ya majuma matatu, mfuko wa shati umejaa peremende. Sasa anaomba zamu ya ukonda. Nusu ya kikundi wanasema haiwezekani, mtu anayeweza kuanguka hawezi kulinda nyuma. Yeye anasema alifundisha miaka zaidi ya thelathini, na kuita majina kwenye daftari ni kazi anayoijua kuliko sisi sote. Msichana wa chuo amependekeza makonda wawawe wawili kila safari, naye awe wa pili. Tunapiga kura Jumamosi hii, kabla ya kuondoka, na mvua ikinyesha tutapigia chini ya paa la steji.