Lamu kwa Miguu

Mji wa Lamu hauingiliki kwa gari. Basi litokalo Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu, likaishia Mokowe, na hapo kila abiria, awe tajiri au maskini, mzima au mwenye magoti mabovu, hushuka, akapanda mashua, na safari iliyobaki akaimaliza kwa miguu. Mwenye mzigo mzito hupata punda au mkokoteni wa kumbebea. Mwenye mwili mzito hana wa kumbebea.

Tulikwenda huko miaka miwili iliyopita, watu saba wa nyumba moja, kuhudhuria harusi ya jamaa zetu wa Mkomani. Miongoni mwetu alikuwamo shangazi yetu, na makala haya, ingawa ni ya safari, kwa sehemu kubwa ni ya kwake. Ametupa idhini tuandike, kwa sharti tusimtaje jina.

Shangazi alikuwa amekwisha kuambiwa na daktari kwamba sukari yake imefika mpakani: haijawa maradhi, lakini i mlangoni. Wakati huo uzito wake ulikuwa kilo 94. Akaelekezwa kwa mtu auzaye mipango ya kupunguza unene, akapewa maji ya ndimu asubuhi, supu ya kabichi mchana, na tunda moja usiku. Kwa miezi mitatu alipungua kilo 13. Nguo zikampwaya, akasifiwa katika kila shughuli aliyohudhuria. Kisha ikaja Idi, zikaja harusi mbili, ukaja uchovu wa kuwapikia watu kumi na yeye kula chake peke yake pembeni. Mwaka haujaisha, mizani ikasoma 96. Kilichompotea hapo si kilo. Ni imani kwamba jambo hili lawezekana. Tulipoondoka Mombasa kwenda Lamu alikuwa ameacha hata kujipima.

Nyumba tuliyofikia ni ya mawe ya matumbawe, ya kizamani, yenye daka mlangoni na kiwanda katikati. Jiko liko juu kabisa, moshi upate kutoka bila ya kuwasumbua walio chini, na ngazi za kulifikia ni nyembamba tena kali. Shangazi si mtu wa kukaa akahudumiwa kama mgeni. Siku ya kwanza alipanda kusaidia kukuna nazi, akashuka kupokea samaki mlangoni, akapanda tena, akashuka kwa ajili ya Swala. Alasiri akatoka na wenzake kwenda Langoni kuwapa pole waliofiwa. Baada ya Isha akatoka tena kwenda kwa bibi harusi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na zaidi, kwa kuwa soko liko kando ya Ngome na kila kilichosahauliwa kilihitaji mtu wa kukifuata. Katika vichochoro vile, ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hulazimika kungoja, hakuna tuktuk ya kusimamisha.

Siku ya tatu tulimuuliza bibi mwenye nyumba, mwanamke aliyepita miaka sabini na ambaye tulimwona akipanda zile ngazi bila kushika ukuta, kama hufanya mazoezi. Alicheka sana.

"Mazoezi ni ya watoto wa skuli," akasema. "Mimi nna watu wa kuwaamkia."

Tusiipambe Lamu kupita kiasi. Pikipiki sasa zinasikika kisiwani, na wazee wanazilalamikia. Wanene wapo, na wagonjwa wa sukari wapo, kwa maana miguu yaweza kutembea kutwa na mkono ukaiharibu kazi hiyo kwa dakika chache za mlo. Hesabu yake ni rahisi, nayo husahauliwa. Mtu wa kilo 90 akitembea mwendo wa wastani kwa nusu saa hutumia kama kalori 150. Mahamri mawili yana zaidi ya hizo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, yawe ya bei gani, kina kama kalori 120. Soda ya chupa ya mililita 300 hubeba takriban gramu 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana ibaki chini ya 25. Kwa hiyo anayetaka kupungua kwa kutembea peke yake atachoka kabla ya kupungua. Chakula ndicho kipunguzacho. Mwendo ndio ulindao kilichopunguzwa.

Hapa ndipo sinia inapoingia. Sisi watu wa pwani hula pamoja, na hatutamani siku ambayo kila mmoja atakula na sahani yake akiitazama simu. Ila sinia lina tabia moja: halina mpaka. Watu watano wakilizunguka, hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na anayemaliza mapema huonekana amekosea adabu. Juu ya hayo yupo mwenyeji, ambaye hukusukumia mnofu kwa mkono wake mwenyewe akisema hujala kitu, kula basi kwa ajili yangu. Katika biriani ya harusi ile tulimwona shangazi akisema "Alhamdulillahi" mara tatu, na mara zote tatu akajaziwa. Kukataa chakula cha mtu kwetu ni jambo zito, na mshauri wa lishe asiyelijua hilo hawezi kutusaidia.

Lakini siku zisizo za harusi, bibi mwenye nyumba alipakua kwa namna nyingine, bila ya kutangaza. Wali aliutia katika kombe dogo, si katikati bali kando. Katikati aliweka samaki wa kuchoma, mchicha na kachumbari nyingi. Tui alilotilia mboga lilikuwa jepesi. Lile zito aliliweka kwa siku ya Ijumaa. Cha kunywa kilikuwa maji. Mkono hufuata kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni mboga na samaki, vyenye nyuzi na protini, ambavyo hushibisha mapema. Wali ulibaki. Hakuna aliyeambiwa apunguze, na hakuna aliyekula pembeni. Mafundisho ya kuligawa tumbo thuluthi tatu, moja ya chakula, moja ya maji na moja ya pumzi, tumeyasikia misikitini tangu utotoni. Pale tuliyaona yametandikwa juu ya mkeka.

Siku ya nne tuliamua kwenda Shela kwa miguu baada ya Swala ya Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Toka mjini ni kama kilomita 3 kwa njia ya ufukweni, mwendo wa dakika 45 kwa mtu wa kawaida. Shangazi alitumia saa moja na robo, akakaa mara mbili, mara ya kwanza juu ya ukuta wa bahari na mara ya pili juu ya ngalawa iliyopinduliwa, akiwaamkia wavuvi kana kwamba amewajia wao. Shela kuna msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, ambao mnara wake mweupe wenye umbo la pia huonekana toka baharini, na nyuma ya mji kuna vilima vya mchanga ambavyo chini yake hukusanyika maji matamu yanywewayo Lamu. Tulijaribu kupanda kimoja. Mchanga mkavu hunywa nguvu za mtu: kutembea juu yake hugharimu mara mbili au zaidi ya kutembea juu ya ardhi ngumu, na vifundo vya miguu hulalamika. Shangazi akapanda hatua chache, akateremka kwenye mchanga mbichi ulioshindiliwa na maji, akasema huu ndio wa rika lake. Kurudi tulipanda mashua.

Wengi humlaumu mtu aliyepungua kisha akanenepa tena, wakasema hana subira. Sisi twaiona lawama hiyo kuwa ya dhuluma. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 wanene waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo mno kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni ziamshazo njaa zilikuwa bado ziko juu kuliko mwanzo, na zile zinazotangaza shibe zilikuwa bado ziko chini. Isitoshe, mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ulivyokuwa ukitumia, na mtu akijikondesha kwa haraka bila ya kufanya kazi ya misuli, hupoteza nyama pamoja na mafuta. Kwa maneno mengine, aliyepungua huishi na mwili unaodai ulichonyang'anywa. Kumwambia mtu wa namna hiyo asubiri tu ni kumwambia apigane kila siku, maisha yake yote, na akiteleza siku moja ni yeye mwenye makosa. Afadhali maisha yake yapangwe upya hivi kwamba vita vyenyewe viwe vichache, kama Lamu ilivyopangwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria unene hata kidogo.

La pili lililotutia moyo ni kwamba kiasi kinachohitajika si kikubwa kama kinavyotangazwa na wauzaji. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa na sukari ya mpakani, mfano wa shangazi yetu. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 96 ni kilo 7 kasoro kidogo. Si 13, wala si umbo la bibi harusi.

Tuliporudi Mombasa hatukuwa na vichochoro vya kutulazimisha. Mlangoni petu Tononoka tuktuk husimama kabla hata hujainua mkono. Ikabidi tujifungie wenyewe baadhi ya njia. Mboga na samaki wa nyumba hii sasa hununuliwa Marikiti kwa miguu, na aendaye ni shangazi, dakika 20 kwenda na kiasi hicho kurudi, mara nne kwa wiki. Mzigo ukizidi huchukuliwa na kijana, yeye hurudi mikono mitupu lakini kwa miguu. Jumamosi baada ya Alfajiri kina mama wa mtaa wetu hukusanyika na kwenda Mama Ngina, kwenye mibuyu na bahari, ambako tangu eneo lile lifanyiwe ukarabati na kufunguliwa mwaka 2019 pana njia pana na viti vya kupumzikia. Huenda na mabuibui yao na viatu vya raba, kundi la kumi au kumi na wawili, na wingi wao ndio sitara yao. Wapo waume waliokuwa wakisita mwanzoni. Tungependa waliosita wajue kuwa gharama ya sindano za sukari kwa mwezi ni kubwa kuliko ya viatu.

Ndani ya nyumba, wali ulihamia kwenye kombe dogo. Mahamri na mbaazi havikufukuzwa; mbaazi zikaongezwa, mahamri yakawa ya Ijumaa. Chai ilipunguzwa sukari kijiko kwa kijiko, nusu kwa mwezi, watoto wasigundue, nao hawakugundua. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Ramadhani. Tafiti zimeonyesha kuwa wafungao wengi hupungua kidogo, kama kilo 1, kisha huirudisha wiki chache baada ya Idi. Na kwetu pwani, kwa kaimati, sambusa, viazi vya karai na tambi za sukari, wapo ambao hawapungui kabisa. Tulikubaliana kitu kimoja cha kukaanga kwa kila futari, kwa zamu, na Tarawehe msikitini kwa miguu. Ugomvi wa kaimati ulichukua siku tatu. (Anayetumia dawa za sukari au sindano azungumze na daktari wake kabla ya kufunga na kabla ya kuongeza mwendo, maana sukari yaweza kushuka ghafla.)

Shangazi alifika kilo 89 baada ya miezi tisa, polepole kiasi kwamba hakuna aliyemsifu. Tangu hapo, mwaka na zaidi, mizani humzungusha baina ya 88 na 90. Hujipima kila Ijumaa asubuhi. Ikigusa 91 hupunguza wali na kuongeza safari moja ya Marikiti, bila ya kulia na bila ya supu ya kabichi. Kipimo chake cha mwisho cha sukari kilirudi ndani ya kiasi cha kawaida, na daktari amemtaka aje tena baada ya miezi sita.

Mwezi uliopita tulipata mwaliko mwingine wa Lamu. Akatutuma tuulizie nauli ya mashua ya Shela. Tukamletea bei ya kwenda na kurudi, akasema ya kwenda hana haja nayo.