Mdai Akibisha Hodi

Kamachumu, Muleba

Mwanangu,

Huku mvua haijatunyima na kibanja kimeshapaliliwa. Mkeo alinipigia simu Jumapili jioni. Usimgombeze, hakukusengenya, amechoka tu kubeba peke yake. Ameniambia kijana amelazwa tena kwa maumivu ya mifupa. Ameniambia habari za mtumishi aliyewauzia mafuta, na za mikopo ya kausha damu. Na ameniambia kwamba jumuiya ikija kusali siku hizi, unamtuma mtoto mlangoni aseme hampo.

Nianze na huyo mtumishi. Kumwombea mgonjwa na kumpaka mafuta kumo katika Waraka wa Yakobo, sura ya 5, na wazee wa kanisa letu huwa wanakwenda wakiitwa. Hawana bei. Huyu wenu ana bei, na juu ya bei amewaambia muache dawa ili imani yenu ionekane. Mwanangu, sikoseli mtoto huirithi kwa baba na mama, wote wawili. Si laana ya ukoo, si kosa la mkeo, wala hakuna jirani aliyemroga. Ninyi wawili mmebeba chembe zake za urithi mkiwa wazima, na kila mimba yenu ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huo. Mrudishe kliniki. Anywe maji mengi, avae sweta asubuhi za baridi, alale ndani ya chandarua, maana malaria kwake ni hatari kuliko kwa wenzake. Ukimaliza hayo piga magoti. Au piga magoti kwanza, sitabishana nawe juu ya utaratibu.

Watakuja pia wa kukuuliza ni dhambi gani umeficha. Hao ni rafiki za Ayubu. Siku saba za mwanzo walifanya vizuri, walikaa naye chini wakanyamaza. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura. Nawe lalamika. Kama sala zako zimekuwa za adabu mno kwa sababu unadhani Mungu ataudhika, soma Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inakwisha gizani, na bado imo katika Biblia.

Lakini lililonifanya nichukue kalamu ni hilo la kusema hampo.

Fungua Wafalme wa Pili, sura ya 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anadaiwa, na mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Wahubiri wengi hukimbilia mafuta yaliyoongezeka. Mimi huwa nasimama kabla ya hapo. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani, kisha anamwambia akaazime vyombo vitupu kwa majirani wote, tena visiwe vichache. Sasa jiulize: mwanamke atazungukaje mtaa mzima akiomba mitungi mitupu, bila mtaa mzima kujua kwamba kwake kuna jambo? Mlango aliufunga, kweli, lakini aliufunga baada ya kuzunguka. Na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Wewe umeufunga kwanza, halafu unashangaa huna chombo.

Haya siyapati vitabuni tu. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na sisi tuliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikitoka Uganda. Baba yako alipougua, ukoo ulisema ni kifua. Tulisema hivyo hadi kwa mchungaji. Nyasi zikaota kibanjani, mashuka tukayafua usiku ili watu wasiyaone. Jumapili moja bibi yako akasimama wakati wa matangazo, akautaja ugonjwa kwa jina lake, akasema, “Nimeshindwa kufua.” Akakaa. Kanisa lilinyamaza mpaka nikasikia kuku nje.

Jumanne wakaja akina mama wa usharika na majembe. Mmoja alileta mche wa sabuni, akaukata kwa uzi, akaingia chumbani akatoka na mashuka mikononi mbele ya watu wote. Hakuna aliyehubiri. Baba yako alifariki, hatukuongezewa siku. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, yeye hakuziwahi. Shangazi yako mdogo aliziwahi. Humeza vidonge vyake saa tatu usiku, kisha anasali, na sijamsikia akiona kwamba kimoja kinamtukana mwenzake. Bado anaimba sauti ya kwanza kwaya kuu, ingawa siku hizi anapanda juu mno.

Sasa hao kausha damu. Sheria ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Waombe mkataba, waulize leseni yao iko wapi, na wasibebe godoro la mgonjwa mbele yako ukiwa unatazama sakafu. Usikope kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Kama kuna televisheni, iuze wewe mwenyewe kwa bei yake kabla hawajaichukua kwa bei yao. Jumuiya yenu ikija Alhamisi, fungua mlango wewe, si mtoto. Mzee wa kanisa mwambie unadaiwa kiasi gani, kwa tarakimu. Usiseme “tuna changamoto kidogo.” Huenda wasiwe na fedha. Watakuwa na mtu wa kulala hospitalini zamu moja ili mkeo apate usingizi, na huenda yumo anayejua kuzungumza na wadai kuliko wewe.

Basi la Ijumaa lina mkungu wa ndizi na maharage. Konda ana namba yako. Usipekue maharage ukitafuta hela, hela nimemtumia mkeo kwenye simu. Kijana mwambie bibi anauliza kama bado anakataa uji. Na Alhamisi usiku nipigie, hata kama ni saa nne.

Shangazi yako