Nilimsubiri Mjerumani

Nilifika Mkula mwezi wa saba na riwaya moja tu kwenye begi, nene kama tofali la kuchoma: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ya Aniceti Kitereza. Nilikuwa na pendekezo la utafiti la kuandika, kuhusu riwaya za kihistoria za Kanda ya Ziwa, na nilishajiaminisha kwamba nusu ya tasnifu imo humo. Hebu fikiria: mwandishi kazaliwa Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, mwaka 1896, utawala wa Kijerumani ukiwa bado mbichi. Kaandika kwa Kikerewe, kamaliza 1945 chini ya Mwingereza, na Kiswahili chake kikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mtu aliyeyaona yote hayo atakosa la kusema?

Nikamsubiri Mjerumani. Ukurasa wa hamsini, hayupo. Wa mia, hayupo. Hadi mwisho hakuja. Riwaya ni ya Ukerewe ya kabla ya wageni, na habari yenyewe ni ya mume na mke wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, mume anawafuata wakwe kuomba arudishiwe. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Basi inatengenezwa pombe, hatua kwa hatua, na msomaji unasimama pembeni unangoja iive. Watu wanasalimiana, wanalima, wanasalimiana tena. Nilifunga kitabu nikaandika kwenye daftari: "Hakuna mgogoro wa kihistoria." Niliona nimesema jambo la kisomi sana.

Shangazi yangu yuko hapa nyumbani tangu kabla sijazaliwa. Aliolewa, akakaa miaka sita bila kupata mtoto, akarudi. Sisi watoto tuliambiwa hayo tu, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Jioni moja tunakula michembe kwa karanga, akauliza kitabu changu kinasema nini. Nikamsimulia kwa dharau kidogo.

"Huyo mume alimfuata?"

"Alimfuata."

"Hadi kwao?"

"Hadi kwao, shangazi. Na pombe akalipa."

Akachambua karanga kimya kwa muda. "Nisomee hapo."

Nikasoma kwa taa ya sola. Nilipofika kwenye pombe nikaruka kurasa mbili tatu, akanishtukia. "Umeruka, mwanangu. Pombe haiivi siku moja." Nikarudi nyuma. Tulisoma hivyo usiku tatu, naye mara nyingine akisinzia, mara nyingine akinisahihisha kana kwamba yeye ndiye aliyeandika.

Usiku wa tatu akauliza: "Yule mwanamke alipokuwa kwao, alikuwa anawaza nini?"

Nikapekua mbele na nyuma. Nilipata nani alikuja, nani alisema nini, nini kilipikwa. Alichouliza sikukipata, angalau si kwa kiasi cha kumtosha, na hadi leo naona hapo ndipo riwaya inapopungukiwa, wala si kwa Mjerumani. Kitereza na mkewe Anna walibaki bila mtoto aliye hai. Nilitegemea mtu kama huyo angesogea karibu zaidi na Bugonoka. Au labda ndiyo sababu alikawia kwenye pombe.

Nilimwambia shangazi kwamba mbele mganga anampa Bugonoka dawa, anapata mtoto wa kiume, halafu wa kike.

"Wawili?"

"Wawili."

Akacheka, akanyanyuka kufunga banda la kuku. "Basi inatosha. Mengine utasoma mwenyewe."

Pendekezo lilitakiwa Jumatatu iliyofuata. Nilimwandikia msimamizi wangu kuomba wiki mbili zaidi, na kwenye daftari nikaifuta ile sentensi.