Fort Collins: Mji wa Chuo na Bia Zake

Fort Collins ni mji wa chuo katika jimbo la Colorado, Marekani, yapata kilomita 100 kaskazini ya Denver, chini ya Milima ya Rocky. Kiini chake ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, kilichoasisiwa mwaka 1870 kuwa chuo cha kilimo. Wageni wengi wafikao mjini humo kwa mapumziko huzuru viwanda vidogo vya bia.

Jambo hilo lingewashangaza wazee wa zamani, kwani tangu mwaka 1896 hadi 1969 uuzaji wa pombe ulipigwa marufuku mjini humo. Miaka 20 baada ya marufuku hiyo kuondolewa, yaani mwaka 1989, Doug Odell, pamoja na mkewe na dada yake, walifungua kiwanda katika ghala kuukuu la nafaka. Mwaka 1991 Jeff Lebesch na mkewe, Kim Jordan, wakaanza kupika bia chini ya nyumba yao. Ndicho kiwanda cha New Belgium, mashuhuri kwa nembo ya baiskeli.

Mgeni huonyeshwa kimea cha shayiri, hamira, mapipa makubwa ya chuma na maua machungu ya hopi. Mama apikaye pombe ya ulezi asingeona ugeni mkubwa humo: kimea ni kimea. Kisha huletwa bilauri ndogo ndogo, mgeni aonje kidogo kidogo. Asiyetimiza umri wa miaka 21 haruhusiwi kunywa.

Lakini lililo zito kuliko ladha ni swali la nani mwenye mali. Kufikia mwisho wa mwaka 2012, hisa zote za New Belgium zilikuwa za wafanyakazi wake. Mwaka 2019 wafanyakazi hao hao walipiga kura kuiuza kampuni yao kwa Lion ya Australia, iliyo mali ya Kirin ya Japani. Kampuni ilieleza kuwa zaidi ya watu 300 wangepata zaidi ya dola 100,000 kila mmoja, akiba ya uzeeni.

Waanzilishi wa Odell nao waliuza sehemu kubwa ya hisa zao mwaka 2015, ila waliwauzia mameneja na wafanyakazi wao.

Fedha ile iliwafaa walioipokea. Hata hivyo, kijana aajiriwaye New Belgium leo hupokea mshahara wake mwisho wa kazi. Sehemu ya umiliki waliyokuwa nayo waliomtangulia haimngojei tena.