Kilomita 180, lakini gemu inapitia Ulaya

Leo naandika juu ya gemu, mikongo ya baharini na bao. Ndiyo, bao lile lile la wazee! Vumilieni kidogo, vyote vitatu vinahusiana.

Mimi ni Mtanga, nimehamia Kilifi mwaka 2022. Kazi yangu ni kuandika programu, na kazi hii haitaki mengi: meza, umeme, intaneti, basi. Kwenye ukanda huu wa Kilifi na Malindi ukisema "mgeni mkaazi" watu wanamfikiria Mtaliano mwenye nyumba ya makuti kule Malindi. Mimi hakuna anayenidhania mgeni mpaka nifungue mdomo dukani. Nikiomba vocha naulizwa, "Kredo ya ngapi?" Nikilalamika kwamba umeme umekatika, jirani anakubali kwamba stima zimepotea. Kwetu tunanunua LUKU, hapa wananunua tokeni, na kitu ni kile kile: tarakimu 20 unazibonyeza kwenye mita huku ukiomba Mungu usikosee. Bajaji hapa ni tuktuk. Unazoea haraka, halafu ukirudi Tanga wanakucheka kwa kusema "stima".

Maneno hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kujua nyumbani kuna nini. Wazazi wetu wana jibu moja tu kwenye simu: "Hatujambo, wewe fanya kazi." Paa likivuja, hawajambo. Baba akiuza baiskeli, hawajambo. Wanaona mtu aliye mbali hana la kufanya zaidi ya kukosa usingizi, sasa aambiwe ya nini?

Habari za kweli nilikuwa nazipata kwa mdogo wangu, kwenye gemu ya mpira. Mtoto wa miaka 13 ukimpigia simu anajibu "poa", "ndiyo", "sijui", halafu anampa mama simu. Lakini mpe padi mkononi na hedifoni masikioni, akili yote iwe kwenye mpira, uone maneno yanavyomtoka! "Kaka, mbona unapitia kushoto tu? Halafu juzi mvua iliingia chumbani kwa Mama. Goooli!" Habari za paa na baiskeli nilizipata hivyo, katikati ya mechi. Kwangu gemu ile ilikuwa ndiyo simu ya nyumbani hasa.

Tatizo lilikuwa moja: kuganda. Unapiga shuti, mchezaji anasimama kama nguzo, ukija kushtuka mpira uko kwa mwenzako. Mdogo wangu akawa anasusa. Alidhani namwachia ashinde, siku nyingine alidhani namfanyia ujanja. Nikaamua kuangalia paketi zetu zinapita wapi, na nikakuta mechi zetu zinaendeshwa na seva iliyoko Frankfurt, Ujerumani.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kutoka Kilifi hadi Tanga kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 180. Kilifi hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,700, na Frankfurt hadi Tanga ni kama 6,800. Kwa hiyo nikibonyeza hapa, ili mdogo wangu aone shuti langu kule Tanga, ishara imetembea kilomita 13,500. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari hiyo inachukua milisekunde 67 hivi, na hapo bado hujahesabu ruta hata moja njiani. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde inakuwa imeshachora picha nne kabla shuti halijafika! Isitoshe, mkongo haupiti kwenye mstari ulionyooka. Ukitoka Mombasa kuelekea kaskazini unaingia Bahari ya Shamu, unakatiza Misri, ndipo unaifikia Mediterania. Kwetu sisi siku nzuri ilikuwa kama milisekunde 200, yaani picha 12.

Tusikufuru lakini, tumetoka mbali. Kabla ya mikongo ya SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje. Setilaiti zile zinakaa juu kilomita karibu 36,000, na kwenda na kurudi tu ni kama nusu sekunde. Gemu ya mpira kwa nusu sekunde? Labda ucheze na kobe.

Sasa ukienda kwenye mabanda ya gemu Malindi utaona vijana wawili wamekaa benchi moja, runinga moja, mashine moja. Wanalipa kwa mechi. Pale hakuna kuganda, kwa sababu nyaya za padi zina urefu wa mita mbili tatu tu. Wakibishana wanabishana uso kwa uso. Nikikaa pale nasikia nao wanafanya yale yale: mmoja anamweleza mwenzake habari za shule, za mchumba, za deni, macho yakiwa kwenye runinga. Nikajua si mdogo wangu peke yake, watu wengi mambo mazito huyasema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi.

Halafu ikaja Jumapili ya Mei 12, 2024. Mikongo miwili inayofuata pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikatika karibu na Mtunzini, Afrika Kusini. Njia ya kaskazini nayo haikuwa nzima, kwa sababu Februari mwaka huo huo mikongo mitatu ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu. Intaneti ya Tanzania ilianguka vibaya, ya Kenya ikawa inachechemea. Gemu hakuna, simu za video hakuna. Siku ya tatu nikatambua kwamba sijui lolote la nyumbani isipokuwa kwamba "hawajambo".

Kitu kimoja kilikuwa kinapita: meseji ya kawaida, herufi 160. Nikajiuliza, mchezo gani unaingia kwenye herufi 160? Bao!

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ukitaka kuandika hali nzima ya ubao unahitaji namba 32, na hakuna shimo linaloweza kuzidi tarakimu mbili. Weka mkato katikati ya namba, bado hufiki herufi 100. Na kwa kweli huhitaji hata hizo, kwa sababu bao halina dadu. Ukijua shimo lililochezwa na upande aliokwenda mchezaji, mara nyingi programu inaweza kusambaza kete yenyewe mpaka zamu ilale. Meseji ikawa "A5L": mstari wa mbele, shimo la tano, kulia. Nilitumia jioni mbili kuandika programu ya upande wangu. Kazi kubwa ni sheria: ukiweza kula lazima ule, namua ni tofauti na mtaji, na nyumba ina haki zake. Ni vizuri pia kuweka kikomo cha mizunguko, maana kwenye bao zipo hali ambazo kete zinaweza kuzunguka bila mwisho.

Upande wa Tanga hakukuwa na haja ya programu. Kulikuwa na ubao wa mbao na Baba! Mdogo wangu bao alikuwa halijui vizuri, ikabidi akae na mzee jioni. Baba ambaye hajawahi kushika padi akawa kocha. Meseji zikaanza kuja na nyongeza: "A2S. Baba anasema umekula kwa pupa, utajuta." Nilijuta kweli.

Hakuna kuganda kwenye bao. Jibu likija baada ya dakika kumi au baada ya swala ya isha, mchezo ni ule ule. Nafasi iliyobaki kwenye meseji mdogo wangu aliijaza habari, kama alivyokuwa akifanya kwenye mpira.

Jioni moja ikaja hii: "A3S. Mama amelala tangu mchana, hataki kula, kichwa kinamuuma tena." Hilo neno "tena" ndilo lililoniamsha. Nikapiga simu, nikajibiwa hatujambo. Asubuhi nikapanda gari, Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, mchana nikawa Tanga. Hospitali wakampima, presha ilikuwa juu sana, na ilivyoonekana haikuanza siku hiyo. Sasa yuko kwenye dawa na anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Alininunia wiki nzima kwa kuacha kazi "kwa sababu ya kichwa tu".

Intaneti ilirudi, mikongo ikatengenezwa, na mpira tunacheza bado na kuganda kwake. Lakini bao hatukuliacha. Wenzangu waandishi wa programu, tunahangaika sana kupunguza milisekunde, na ni sawa, mimi mwenyewe kazini ndiyo kazi yangu. Ila kama una ndugu Muscat, Dubai au hapo tu ng'ambo ya mpaka, na simu zenu zimekuwa za "hatujambo" tu, tafuteni mchezo wa zamu. Bao, drafti, karata, wowote. Uwe mwepesi kiasi cha kuingia kwenye meseji, na ubakize nafasi ya sentensi moja baada ya zamu. Hiyo sentensi msiiwekee menyu wala kitufe, iacheni wazi tu.

Programu yangu haina picha wala sauti, ni namba tupu kwenye skrini nyeusi. Anayeitaka aseme, nitampa bure. Kwa sasa naomba niwaache, nimepata "B7L" kutoka Tanga na inaonekana mzee amenitegea mtego. Tuonane!